Taya la Mzee Kristofa

Secilia alikuwa amechoshwa na sikio la mumewe. Liliuma, likavuma, na siku nyingine likampa Kristofa kizunguzungu hata ashike ukuta. Hayo angeyavumilia. Kilichomshinda ni maneno. Kristofa, mjuaji wa Magamba nzima, aliamua kwamba aliyemharibia sikio ni jirani yao Rubeni na mashine yake ya kupasulia mbao. Akasimama mkutanoni, akambana mwenyekiti wa kitongoji mpaka mashine ikazimwa. Sikio likaendelea kuvuma.

"Ule mlio umebaki humu ndani," alisema, huku akijimiminia maji ya kitunguu sikioni.

"Umepata nafasi, maana humo hamna kitu," Secilia akajibu, akamkokota hadi hospitalini Lushoto.

Huko sikio lilichunguzwa likaonekana zima, wakapelekwa kwa daktari wa meno. Kristofa akafura. "Naumwa sikio mimi, si jino!"

Daktari Yunis, mwanamke kijana, alimwamkia, kisha akamwekea vidole mbele ya masikio. "Fungua kinywa, mzee." Taya likalia kak! Kristofa akaguta.

"Kiungo cha taya kimepakana na sikio," daktari akaeleza. "Kuna hata ukano mdogo, kama uzi, unaotoka hapo ukaingia mpaka kwenye kijifupa cha ndani ya sikio. Taya likielemewa, sikio nalo huweza kulalamika. Unasaga meno usingizini?"

"Mimi? Hata kidogo."

"Kama mashine ya unga," Secilia akadakia. "Mchana anamsaga Rubeni kwa maneno, akilala anamalizia kwa meno."

Alipewa kifaa cha kuvaa menoni wakati wa kulala, akaambiwa ale vyakula laini na aache kukaza taya. Baada ya wiki chache mvumo ulipungua, kizunguzungu kikaisha. Secilia akamwamuru akamwombe Rubeni radhi.

Akaenda amevaa koti la kanisani. "Rubeni," alisema mlangoni, "nimelichunguza jambo hili kitaalamu. Mashine yako nimeisamehe."

Rubeni akamfungia mlango.

Secilia, aliyekuwa nyuma yake, alitamani ardhi immeze. Akabisha hodi mwenyewe. "Shemeji, tumekukosea. Ugonjwa ulikuwa mdomoni mwa huyu."

Mlango ukafunguka. "Pita ndani, shemeji. Yeye atapita akishajua kusema."

Kristofa alibaki nje kwenye ukungu, anatetemeka kwa baridi, mpaka akatamka kwa taabu, "Nilikosea. Nisamehe."

Kesho yake mashine iliwashwa. Kristofa alipita kwa mwenyekiti kumjulisha kwamba ruhusa ameitoa yeye.