Sehemu ya Mwili Iliyoumia

Mara ya nne hii tunatoka Rukanga kuja Voi kwa fomu ile ile ya fidia. Mara ya kwanza, picha ya pasipoti ilikuwa na kofia. Mara ya pili, muhuri wa daktari umefifia. Mara ya tatu, mwenye faili yuko semina. Semina ya nini, jamani? Ya kufundishwa kuturudisha nyumbani?

Mume wangu, Zephaniah, analinda fensi ya stima kule Kasigau, ile ya kuzuia ndovu wasiingie mashambani. Mwezi wa tatu ndovu alimuua mwenzake wa kazi, Donald, yeye akiona. Tangu siku hiyo halali, haongei, na sufuria ikianguka jikoni, yeye huyo chini ya meza. Daktari ameandika: mshtuko baada ya tukio la kutisha, apewe fidia na likizo ya matibabu. Leo ni Ijumaa. Fomu isipopita, Jumatatu anarudi kwa fensi ama aachishwe kazi. Na mimi najua akirudi kule nitampoteza.

Karani, Mable, alifungua faili. "Mama, hii ni kitu ndogo. Hapa wameandika mshtuko. Si ni stima ya fensi ilimrusha?"

"Stima gani? Ni mshtuko wa akili!"

"Sasa akili ni sehemu ya mwili?" Akanionyesha visanduku: kichwa, jicho, mkono, mguu. "Nikiandika akili, wakubwa watairudisha. Nikiandika stima ilimrusha mkono, inapita leo. Mimi nawasaidia tu."

"Mkono si huo, mzima! Kwani mpaka mtu akatike ndiyo muamini anaumwa?" Benchi yote iligeuka kuniangalia. Waniangalie. Nilikuwa nalia kwa hasira, na hasira yangu haina adabu. Lakini Jumatatu ikanijia kichwani. "Haya, andika mkono," nikasema. "Andika tuende."

Mable akamgeukia Zephaniah. "Baba, stima ilikurusha mkono upi?"

"Haikunirusha."

Miezi mitano sijamsikia akiongea mbele ya watu. Hata Mable alishtuka.

"Hakukuwa na stima," akasema. "Donald alikuwa anaunga waya. Aliniambia nizime kipande chake tu. Nikaona uvivu kwenda mpaka swichi yake, nikavuta swichi kubwa, nikazima laini yote. Ndovu akaingilia pale juu, ambapo stima ingemzuia."

Mimi mkewe, ninayelala naye kitanda kimoja, hilo sikulijua. Nimempigia kelele miezi yote hiyo aongee, na sasa nilitaka anyamaze.

Mable akaweka kalamu chini, akapunguza sauti. "Baba, hilo sijalisikia. Likiandikwa, watasema ni kosa lako, hupati kitu."

"Umeniuliza mkono upi," Zephaniah akasema. Akauinua wa kulia, akauweka juu ya fomu. "Ni huu."