Sifa za Mzee Kesho

Baba mkwe wangu alikuwa fundi nguo, na mtaa mzima ulimwita Mzee Kesho. Ukimpelekea kitambaa alikupima taratibu, akakusifia mabega, akasema, "Njoo kesho." Hiyo kesho ikifika, alikutazama kwa uso wa huzuni na kukueleza kwamba umeme ulikatika. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu.

Alipofariki, wanawe waliona mtu wa namna hiyo hafai kukumbukwa hadharani. Wakatengeneza mwingine.

Mume wangu ndiye mtoto wa kwanza. Ni meneja wa utumishi, na hata akitaka chumvi mezani huanza kwa kutushukuru wote kwa kuhudhuria. Alijifungia chumbani na kompyuta yake akaandika wasifu wa marehemu. Wifi yangu, mwenye duka la dawa, akashughulikia picha. Tatizo ni kwamba mzee hakuwa na picha hata moja ambayo hakuvaa tepu ya kupimia shingoni. Mpiga picha akaifuta tepu, akafuta na kinundu cha puani, kisha akamvisha suti na tai. Mzee akatoka anafanana na mgombea ubunge.

"Huyu nani?" mama mkwe aliuliza picha ilipoletwa nyumbani.

"Ni baba, mama," wifi akajibu.

"Baba wa nani?"

Wifi akajifanya hajasikia, akaenda kuitafutia fremu.

Shughuli yenyewe ilifanyika Jumamosi kwenye ukumbi wa mtaa, wiki kadhaa baada ya maziko. Mshereheshaji alikuwa wa kukodi, amezoea harusi, na mara moja ulimi ukamteleza akamwita marehemu bwana harusi. Watu walijaa mpaka mlangoni. Nusu yao walikuwa wateja.

Mume wangu akapanda jukwaani, akarekebisha miwani.

"Baba alikuwa kiongozi mwenye maono katika sekta ya mavazi," akaanza. Mtu mmoja nyuma akakohoa. "Alikuwa mwingi wa nidhamu, aliyethamini sana muda." Kikohozi kikaenea kama ugonjwa. "Katika maisha yake yote ya kazi, hakuwahi kumwangusha mteja."

Hapo ukumbi ukapasuka. Watu walicheka mpaka viti vya plastiki vikalia. Mama mmoja, muuguzi mstaafu, akasimama huku anajifuta macho.

"Samahani mwanangu, endelea tu," akasema. "Ila mimi niliolewa nimevaa gauni la kuazima. Langu alikuwa hajalikata."

"Afadhali wewe!" akadakia muuza samaki. "Mimi suruali yangu nilimkuta nayo mtu mwingine!"

Binti yangu naye, asiyejua kunyamaza, akapaza sauti kutoka mstari wa mbele. "Babu alinishonea sare yenye mkono mmoja mfupi! Akaniambia nikikua mikono italingana!"

"Tuheshimu ratiba, jamani," mume wangu akasihi. "Maoni yatapokelewa mwishoni."

Nilimwonea huruma, lakini si sana. Miaka yote ile baba yake akiwa hai, alipoulizwa kazini mzee anafanya nini, alijibu kwamba yuko kwenye mambo ya vitambaa.

Mama mkwe akainuka. Hakuwepo kwenye ratiba. Walikuwa wamempangia kulia. Akamfuata mwanawe jukwaani na kumnyooshea mkono, na yule meneja anayeamrisha ofisi nzima akamkabidhi kipaza sauti kama mtoto aliyekamatwa na peremende.

"Keti, baba," alimwambia. Kisha akatugeukia. "Huyo aliyesomwa hapa simfahamu. Na hiyo picha mkiitundika sebuleni kwangu, nitaigeuza itazame ukuta."

Mshereheshaji alitaka kupiga makofi, akajizuia.

"Mume wangu alikuwa mwongo," mama akaendelea. "Mnacheka? Mimi nililala naye. Wajukuu aliwaambia kwamba nguo yangu ya kwanza aliichelewesha makusudi, ili niendelee kwenda pale kibandani anione. Eti mapenzi. Kitambaa alikuwa amekipoteza! Nikawa nakwenda kumgombeza. Kila nikienda ananivutia kiti, ananisikiliza mpaka nimalize. Kwetu tulikuwa watoto wengi, hakuna aliyewahi kunisikiliza mpaka nimalize. Basi kitambaa kikapatikana, chini ya mto wa paka, na mimi bado nakwenda. Natafuta tu kosa jingine."

Akahamishia kipaza sauti mkono wa pili.

"Alikoroma. Alikula sukari kwa siri, daktari amemkataza, akidhani mimi ni kipofu. Lakini mwaka ule nilipolazwa hospitali, alikuja kila siku, mlango wa wodi ukifunguliwa yeye ndiye wa kwanza. Nikamwambia, kumbe unaweza kuwahi! Akaniambia, 'Wewe si mteja.'"

Akarudisha kipaza sauti, akashuka. Wifi yangu alikuwa analia bila kujali wanja wake. Mume wangu aliyakunja yale makaratasi akayatia mfukoni, na mshereheshaji, kwa kukosa la kufanya, akatangaza muziki.

Siku iliyofuata watu walianza kubisha hodi nyumbani kwa mama wakiulizia vitambaa vyao. Tukaenda kufungua kibanda. Marundo yalifika dirishani: mashati yasiyo na kola, sketi zisizo na zipu, sare za watoto ambao sasa wana watoto. Kila mmoja alifukua chake huku akimsema mzee, na wengine wakaondoka wameyakumbatia mabaki yale kama kitu cha thamani.

"Mama, nani atawamalizia?" nikamuuliza.

"Si mimi. Sijui kushona na sitaki kujifunza. Huyo mwanamume alinitosha."

Chini kabisa ya rundo la mwisho lilikuwapo koti la kijivu, zuri hasa, lenye mkono mmoja. Mume wangu akaduwaa. Lilikuwa la harusi yetu. Wiki ile baba yake alimpiga kalenda, kesho baada ya kesho, mpaka asubuhi ya ndoa, ikabidi akimbilie dukani, na picha zetu zote amevaa koti la mtu mnene. Kwa ajili hiyo alimnunia mzee karibu mwaka mzima.

Akalichukua, akalivaa pale pale mbele ya wateja. Halikufunga kifuani.

"Kwa kitambi hicho," mama akasema, "hata angelimaliza jana lisingekutosha."

Mume wangu alipitisha kiganja juu ya mshono wa bega, akaurudia tena, polepole. Mishono midogo, iliyonyooka, ya mtu aliyejua kazi alipoamua kuifanya. Ghafla akapiga yowe na kukunja uso, machozi yakamtoka mpaka kwenye ndevu. Mzee alikuwa ameacha pini kwapani.

Nilimsaidia kuitoa. Machozi hayakukoma.

"Ni hiyo pini," akaniambia.

"Najua," nikamjibu, nikamwachia koti lake alivae mpaka nyumbani.