Jino la Rozalia na Solo ya Pasaka

Miaka kumi na miwili Rozalia aliimba solo katika kwaya ya Rusimbi, na hakuna aliyewahi kuona mkono wake ukitetemeka. Watu wasichokijua ni kidonge. Propranolo, ya kutuliza mapigo ya moyo, aliyouziwa duka la dawa Ujiji bila cheti cha daktari wala swali. Siku hizi aliimeza kila asubuhi, na akaificha kuliko dhambi.

Jino lilipomuuma wiki ya kuelekea Jumapili ya Pasaka, siku ya solo yake kubwa, kwaya ikafuata desturi yake: mgonjwa haendi kutibiwa peke yake. Mwalimu Pastory akamteua Mapendo amsindikize.

Mapendo! Muuza dagaa wa Kibirizi, aliyeingia kwaya mwaka jana tu, na sauti aliyoinoa kwa kuita wateja. Rozalia hakusahau kitu. Krismasi huyu alipigiwa vigelegele kabla hajamaliza ubeti. Yeye, miaka yote hiyo, makofi ya adabu.

"Pole, dada. Nikushikie mkoba?"

"Jino ndilo bovu. Mikono ninayo."

Kwenye kliniki ya meno siri ya mgonjwa ililindwa na pazia la kitenge, na pazia lenyewe halikufika chini. Wanaosubiri walisikia kila neno. Mapendo aliingia naye, akaketi karibu na kiti.

"Mama, unatumia dawa yoyote?" akauliza Daktari Wilfred, sindano ya ganzi mkononi.

"Situmii."

"Ya presha? Ya moyo? Nauliza kwa sababu ganzi hii inasafishwa na ini. Propranolo, kwa mfano, inalichelewesha. Ganzi inaweza kuzidi kwenye damu, mtu akapata degedege, moyo ukalegea. Tena hii imechanganywa na adrenalini, ya kubana mishipa. Ikikutana na propranolo, presha inaweza kuruka."

Rozalia akamtazama Mapendo. Akikiri hapa, jioni Kibirizi nzima itacheka: kumbe sauti ya Rozalia inanunuliwa dukani! Na solo itakwenda kwa nani? Kwa huyu huyu.

"Nimeshasema situmii."

Akafumbua kinywa. Sindano ilipokaribia, Mapendo akasimama.

"Daktari, ngoja! Anatumia. Hiyo hiyo uliyoitaja."

"Mwongo mkubwa we!"

"Nisamehe, dada. Mwaka jana niliingia lile duka la Ujiji kuomba dawa ya woga. Muuzaji akaniambia, 'Chukua hii, ndiyo anayomeza Rozalia wa kwaya.' Nikaiacha palepale mezani."

Nyuma ya pazia mtu akakohoa. Rozalia akaitikia kwa kichwa, machozi yakimtoka, wala si ya jino. Mwaka mzima huyu alijua, akanyamaza. Na mwaka mzima aliimba bila kidonge!

Daktari akaweka ile sindano chini. Akampima presha, akachukua ganzi isiyo na adrenalini, akachoma kidogo kidogo huku akimwangalia. Jino likatoka. "Vidonge usiviache ghafla," akasema. "Nenda ukapimwe moyo."

Akawazuia saa tatu nzima, akimpima presha tena na tena, ndipo akawaruhusu. Njiani Mapendo akamsogelea. "Dada, Jumapili hutaweza kuimba, na solo mwalimu atanisukumia mimi. Pale ubeti wa tatu unapopanda, pumzi unaivutaje? Nifundishe, naogopa."

Rozalia akagusa shavu, akaonyesha pamba mdomoni, akatikisa kichwa: ganzi.

"Oo, pole. Basi nyamaza tu, dada yangu."

Wakaendelea na njia. Ganzi ilikuwa imemwisha zamani, na ulimi wake ulikuwa mzima kabisa.