Mabawa Yaliyokatwa kwa Daftari la Mshonaji

Jumamosi saa nane mchana mshonaji alikunja suruali mbili za wateja, akazisogeza kando, akatandaza kitambaa cha kaboni juu ya meza ya kukatia. Kilikuwa cheusi na chepesi, na ukikitazama vibaya tu kinaanza kunyonyoka nyuzi. Alikikata mshazari, kwa sababu mchoro ulisema nyuzi zilale mshazari, na hata gauni hulala vizuri zaidi likikatwa hivyo. Alitumia mkasi wa jikoni. Mkasi wa nguo alikuwa ameuficha, maana mkasi wa nguo haukati kisicho nguo, hata kwa ajili ya marehemu mumewe.

Sakafuni alikaa shemeji yake, fundi wa friji, mtu mrefu aliyezoeleka kwa jina la Barafu. Alikuwa anafungua mota ya friji bovu.

Walikuwa wanatengeneza mabawa ya mashua ya mbio. Mabawa hayo hufungwa chini ya mashua, ndani ya maji. Mashua ikishika kasi yanainyanyua, tumbo lote linatoka majini, na wenzake wanabaki nyuma wakihangaika na mawimbi. Kiwandani hutengenezwa kwa mashine. Hawa wawili walikuwa na mota ya friji, mfuko wa nailoni na pasi.

"Shemeji, una hakika mota hii itanyonya hewa?"

"Ilikuwa inanyonya upande huu na kusukuma upande ule. Nimefunga bomba upande huu."

"Kwa hiyo itanyonya."

"Ndivyo ninavyodhani, shemeji. Usinibane."

Mchoro ulikuwa wa marehemu, mume wa huyu na kaka wa yule. Aliuchora mezani akila, ndani ya daftari la vipimo vya wateja, maana hakukuwa na karatasi nyingine karibu na hakuwa mtu wa kusubiri. Mwezi mmoja baadaye alizama ziwani siku ya mashindano, mita mia mbili kutoka gati la klabu. Mwili ulipatikana bila jaketi la uokozi. Taarifa ya klabu ikaandika kwamba hakuvaa.

Sasa, asubuhi ile mshonaji alikuwa amemfunga jaketi kwa mkono wake mwenyewe, vifungo vitatu, akamtania kwamba tumbo limeanza kuota. Alilisema hilo klabuni, wakampa pole. Jina la mumewe likafutwa kwa rangi nyeupe kwenye ubao wa manahodha, na wanagenzi wakawa wanaoneshwa lile doa: huyu alikuwa mzembe. Mwenyekiti wa klabu, mtu mpole wa kuvaa tai hata ufukweni, alisema jina hurudi ubaoni mashua ya mwenyewe ikishika nafasi ya kwanza. Kanuni ni kanuni. Basi mshonaji hakutaka kikombe wala makofi. Alitaka lile doa liondoke.

Walipaka kitambaa gundi, tabaka juu ya tabaka, wakakifunika kwa nailoni, Barafu akawasha mota. Ilinyonya. Mfuko ukasinyaa, ukashika kitambaa kama ngozi. Kisha wakayatia mabawa ndani ya friji lenyewe, ambalo Barafu alikuwa amelifunga balbu sita ili liwe joko. Alisema friji halijali joto wala baridi, linatunza tu unachoweka.

Jumapili wakayatoa. Yalikuwa meusi, magumu, yanang'aa. Mshonaji alipoyalaza mezani, viatu vya marehemu vilivyokuwa chini ya kitanda vilinyanyuka kiganja kimoja kutoka sakafuni. Koti lake likaachana na msumari likakaa hewani. Kiti chake nacho kikapanda. Mshonaji alichukua ufagio akafagia chini ya kiti, maana pale hapakuwa pamefagiwa muda mrefu.

Barafu akavua kiatu chake, akakiweka karibu na mabawa. Hakikwenda popote.

"Changu hakinyanyuki," alisema, na kwa kweli alionekana kuumia kidogo.

Mshonaji akafungua daftari. Kurasa mbili zilitazamana. Kulia palikuwa na mchoro na vipimo vyake. Kushoto palikuwa na vipimo vya marehemu, alivyomchukua mwenyewe alipomshonea lile koti: bega, kifua, mkono. Mshonaji husoma kushoto kwanza, miaka ishirini sasa. Bawa kubwa lilitakiwa sentimita tisini, naye alikata tisini na nane, kifua cha mumewe, akaongeza na mbili za upindo.

"Kaboni ina upindo?" aliuliza Barafu.

"Mazoea yana taabu, shemeji."

"Tukate upya?"

"Kitambaa kimekwisha."

Basi wakayafunga hivyo hivyo.

Siku ya mashindano Barafu alishika usukani. Upepo ulikuwa mzuri na kila mashua ilikwenda, isipokuwa yake. Haikupanda hata kidogo. Ilijikokota na tumbo lake majini, na mshonaji gatini akabana kitambaa cha kichwani kwa meno asipige kelele. Mita mia mbili kutoka gati vitu vikaanza kutoka chini ya ziwa. Kilitoka kitana. Ikatoka kofia, ikatoka ndala moja ya kushoto. Kila kimoja kilipanda taratibu, kikavuka uso wa maji, kikasimama kiganja kimoja juu yake, kikidondosha matone. Mashua za nyuma zilivipisha.

Mwisho likatoka jaketi. Barafu aligeuza mashua, akalivuta ndani, akarudi. Alikuwa wa mwisho.

Mwenyekiti alikuja na kitabu cha vilivyopotea, akaandika: kitana kimoja, kofia moja, ndala moja, jaketi moja, mali ya klabu. Mshonaji alilichukua jaketi kabla hajamaliza kuandika. Vifungo viwili vilikuwa vimefunguliwa, cha tatu kimeng'olewa. Alilikamua, likatoa maji kama dekio. Ndani palikuwa na sponji ya godoro.

Aligeuza pindo. Mwisho wa mshono uzi ulirudi mara tatu, na hakuna mtu anayerudisha mara tatu ila yeye. Akakumbuka. Mwaka juzi mwenyekiti alimletea majaketi thelathini matupu na sponji yake pembeni, ayajaze na kuyafunga. Aliuliza kama sponji hii hainywi maji. Mwenyekiti akasema hii ni ya kitaalamu. Naye akaamini, ungefanyaje, mtu amevaa tai.

Alikaa chini pale pale gatini. Aliona uchungu wa kutaka kuuma mtu, lakini hakujua aanze na nani, na mkono wa kwanza aliouona ulikuwa wake mwenyewe.

"Alivaa," alisema. "Hili hapa. Lilimvuta chini, akapambana nalo mpaka akalivua."

Mwenyekiti alilitazama kwa makini. "Nakubali alivaa, mama. Nitarekebisha taarifa. Lakini alilivua. Kanuni inasema jaketi livaliwe mpaka mwisho wa mbio."

"Na haya mengine ishirini na tisa?"

"Yana muhuri wa ukaguzi." Akapitisha kidole kwenye mshono. "Na kazi yako ni nzuri. Miaka miwili majini, uzi haujaachia."

Wakalianika kambani. Halikukubali kugusa kamba, likakaa juu yake kiganja kimoja. Mtunza stoo akalifunga uzi, akalivuta mpaka kwenye msumari wake, namba saba, akaligongea kisawasawa. Kwenye ubao doa jeupe lilibaki pale pale.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na mazoezi. Mshonaji alifika mapema akiwa na daftari na futi ya kupimia, akasimama mahali manahodha wanapoteremshia mashua. Kila aliyepita, mshonaji alimwambia, "Hilo ulilovaa ni sponji. Nimelishona mimi." Walimsikiliza vizuri. Walisema asante, wakasema pole, mmoja akasema kweli linakuwa zito likilowa, wakakaza vifungo.

Alipoona hivyo akawa anawapima. Bega, kifua, mkono. Hawakuuliza, walinyanyua mikono tu, maana mtu akishaona futi shingoni mwa mshonaji hunyanyua mikono. Aliandika kushoto, chini ya vipimo vya marehemu. Barafu hakuwapo, alikuwa amekwenda kutafuta friji jingine bovu, la milango miwili.

Wa mwisho alikuwa binti wa mwenyekiti, amevaa namba kumi na mbili.

"Unanishonea nini, mama?"

"Sijui, mwanangu," alisema mshonaji, na ndivyo ilivyokuwa. "Nyoosha mkono."

Hamsini na saba. Aliandika, akamfunga kifungo cha juu kilichokuwa kimelegea, akampisha ateremke majini.