Mapigo Yaliyopita Karibu na Lifti

Mume wangu wanamwita Profesa, na hajawahi kumfundisha mtu kitu. Hata mimi, kunifundisha kuendesha gari kulimshinda. Kazi yake ni kutunga misimbo ya kulinda habari zinazorushwa hewani zisiharibike njiani. Mimi ndiye fundi: naunda redio ndogondogo, yeye anaamua zitasemaje. Tunatumia meza moja tangu tuoane, tunagombana kila siku ya Mungu, na sijawahi kutamani meza nyingine.

Hospitali ilikuwa imetuagiza mkanda usio na waya, wa kupeleka mapigo ya moyo ya watoto wachanga hadi kwenye skrini ya wauguzi. Tulikuwa tunaufanya kwa raha zetu, mpaka binti yetu, kitinda mimba, alipojifungua kabla ya wakati. Mtoto njiti, mkono mzima mwembamba kuliko kidole changu, kalazwa kwenye kisanduku cha joto na nyaya kifuani. Kila mama yake akijaribu kumnyanyua, waya unachomoka na mashine inapiga kelele wodi nzima. Daktari akakataza kumtoa. Binti yangu akawa anashinda pale, kapitisha vidole kwenye tundu la kisanduku, mzazi ambaye hajampakata mwanawe. Lile lilinikata maini.

Daktari alitupa sharti moja: mkanda ufanye kazi siku nzima sambamba na nyaya, usipoteze hata pigo moja, ndipo atazitoa.

Profesa hakuwa na wasiwasi. Msimbo wake ni hodari, nakiri, japo si mbele yake. Kila kikundi cha tarakimu kinasafiri na tarakimu chache za ulinzi. Moja ikiharibika, kompyuta inayopokea inaing'amua na kuirekebisha yenyewe. Kurudia kila kitu mara tatu kungekuwa rahisi, lakini betri ni ndogo kama kifungo cha shati, ingekufa kabla ya chakula cha mchana. Kule karakana tuliujaribu kwa kelele za mawimbi alizozitengeneza mwenyewe, huku moja, kule moja, zimetawanyika kwa adabu. Ukapita bila doa.

Wodini ukafeli asubuhi ya kwanza tu. Mapigo yalikatika, yakarudi, yakakatika tena. Daktari akaufungua taratibu na kutuambia pole. Binti yetu akageukia ukutani.

Mimi nilibaki koridoni na kifaa changu cha kupimia mawimbi, na haikuchukua muda kumjua mbaya wetu. Nyuma ya ukuta ule kuna lifti. Kila mota yake inapoamka, kelele zake za umeme zinafyeka tarakimu nyingi zilizofuatana, kikundi kizima kinakwenda na maji.

Profesa akasema basi aongeze tarakimu za ulinzi. Nikamkumbusha betri. Akasema tuhamishe mtoto. Wapi, na wodi imejaa pomoni? Hapo nikamjia juu, maana uchungu wa mwanangu ulikuwa umenifika hapa.

"Umepakia ukoo mzima kwenye gari moja," nikamwambia, "halafu unashangaa ajali imewamaliza wote?"

Alinitolea macho. Kisha akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanibusu kwenye paji la uso mbele ya wauguzi, mzee mzima, hana hata haya, akakimbilia kompyuta yake.

Hakuongeza kitu. Alipanga upya safari tu. Badala ya kikundi kimoja kusafiri pamoja, alituma tarakimu ya kwanza ya kila kikundi, halafu ya pili ya kila kikundi, hivyo hivyo mpaka mwisho. Lifti ikifyeka, kila kikundi kinapoteza mmoja tu wa ukoo, na mmoja msimbo unammudu. Kwa kusubiri vikundi vikamilike, skrini ilichelewa kidogo tu, na daktari akaridhika.

Siku ya jaribio la pili nilipanda na kushuka na ile lifti mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Juu, chini, juu, chini. Jioni daktari alilinganisha mapigo ya nyaya na ya mkanda. Hakuna lililopotea.

Akazitoa nyaya. Muuguzi akamnyanyua mjukuu wangu, mke mwenzangu, akamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Kwenye skrini mapigo yakawa yanapita moja baada ya jingine, ti, ti, ti, safi kabisa. Profesa alikuwa amesimama mbele ya skrini hiyo amevimba kwa fahari, anamweleza daktari habari za tarakimu.

"Baba," binti yetu akamwita polepole, bila kuinua macho. "Zima hiyo sauti kidogo. Nataka kumsikia mwenyewe."

Profesa akakatiza maneno katikati. Akanyoosha mkono, akapunguza sauti mpaka mwisho.