Laini ya Mume, Kidole cha Mke

Kipigo cha mwisho kilimvunja mfupa wa bega, ndipo mshonaji akamkimbia mume wake na kwenda kwa dada yake mwenye bucha. Dada hakuuliza maswali. Alijifuta damu ya ng'ombe mikononi, akamfungulia chumba cha nyuma, akasema, "Kidole kimoja hakivunji chawa, mdogo wangu. Sasa tuko wawili. Mwache aje."

Mume hakuja upesi. Zilitangulia meseji. "Nitakukatakata, dada yako akuuze kwa kilo." Nyingine hazisemeki mbele ya watu wenye adabu. Bega lilipounga, mshonaji aliichukua simu akaipeleka polisi. Askari wa zamu, mwanamume mnene mpenda utani, aliiandika ile namba kwenye kompyuta, na jina likatokea. Akacheka mpaka kiti kikalia.

"Mama, namba hii ni yako. Unajitisha mwenyewe?"

Hakuwa amekosea, na hilo ndilo lililouma. Mume alikuwa mwashi, ameshika saruji tangu ujana, na saruji ilikuwa imemla vidole hadi havikubaki na alama yoyote. Siku ya kusajili laini, mashine ya wakala iliwaka nyekundu kila alipobonyeza. Wakala akauliza kwani mke hana kidole. Mke akatoa dole gumba lake kwa mapenzi, maana siku zile angempa mwashi hata figo. Lakini sheria haijui mapenzi. Laini ni ya aliyeweka kidole, na kila tusi linalotoka humo ni tusi lake.

"Siwezi kufungua kesi ya mtu anayejitukana," askari akasema. "Nenda kamalizane naye nyumbani."

Kamalizane! Midomo mingine ingefaa ishonwe, na mwenye sindano alikuwa amesimama palepale mbele yake. Mshonaji akarudi bucha akilia kwa hasira.

Kisha mamlaka ya mawasiliano ikatangaza kwamba kila laini ihakikiwe upya kwa dole gumba la aliyeisajili, na isiyohakikiwa hadi Ijumaa inafungwa. Mwashi akaona giza. Laini ile ndiyo ilikuwa kazi yake yote: wenye majengo, vibarua, wauza mchanga, wote walimpata humo. Alikwenda kwa wakala kutaka ihamishiwe jina lake, akaambiwa hata kuhamisha kunahitaji kidole cha mwenye jina. Akang'aka, akapiga meza. Wakala, kwa kutaka kumpoza, akamwambia, "Mzee, mashine haitaki mkeo. Inataka kidole chake tu. Kilete hata kwenye mfuko."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mwashi hakucheka. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na wakala huyo angeapa baadaye kwamba alikuwa anatania tu.

Alhamisi mchana bucha lilikuwa tupu. Dada alikuwa uani akipokea nyama kutoka kwenye gari, na mshonaji alikuwa nyuma ya kaunta akitia kiraka kwenye aproni. Mwashi akaingia amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi.

"Mke wangu, twende kwa wakala mara moja tu."

"Sitoki hapa."

"Unabonyeza, basi. Kila mtu na njia yake."

"Ulisema tuzungumze mara moja, ukanivunja bega. Nenda zako, baba. Laini na ife."

Mwashi alitazama mlangoni, akatazama gogo la kukatia nyama. "Basi ubaki wewe," akasema. "Kije kidole."

Aliruka kaunta. Alimshika nywele, akambamiza uso kwenye mizani, na mshale wa mizani ukazunguka mpaka mwisho. Mshonaji akasikia jino likilegea. Alimng'ata kiganja, akatafuna kweli kweli, lakini mikono iliyozoea kubeba matofali haiachii kwa sababu ya meno. Mwashi aliuvuta mkono wa kulia wa mkewe, akaubana juu ya gogo. Mshonaji akakunja ngumi, dole gumba akalificha ndani. Hapo ndipo alipoelewa kwamba mtu huyu hatanii, na woga aliousikia haukuwa wa kufa. Alifikiria sindano. Bila dole gumba hashiki sindano.

Mwashi aliokota jiwe la mizani, akaiponda ile ngumi. Akaiponda tena. Vidole vikafunguka vyenyewe. Akachukua kisu cha kuchunia, akakandamiza, kikapasua nyama ya dole gumba kutoka kwenye ncha hadi kikakwama kwenye mfupa. Mshonaji alipiga ukelele ambao uani waliusikia.

Dada aliingia na paja la ng'ombe begani. Alilitupa kama lilivyo, likamwangusha mwashi ukutani. Mwashi akainuka na kisu, akamchana dada kuanzia bega hadi titi. Dada hakujiangalia. Aliteremsha shoka la nyama kutoka ukutani, akampiga kwa kisogo cha shoka kwenye mkono, mfupa ukalia kama kuni kavu. Akampiga taya. Mwashi akaanguka kwenye beseni la utumbo. Dada akageuza shoka, makali yakatazama chini, akalinyanyua.

"Dada, usimuue!"

Haikuwa huruma. Huruma ilikwisha zamani. Mshonaji alitaka tu dada yake alale nyumbani kwake usiku ule, na mwashi alale kwingine. Dada alipumua kwa nguvu, akageuza tena shoka, akamvunja goti kwa kisogo chake. Kisha akamfunga kamba ya ndoano.

Walitoka hospitali wakapelekwa kituoni, dada na nyuzi zake, mshonaji na zake. Askari alikuwa yuleyule mnene. Safari hii hakucheka. Mwashi naye alikuwa ameletwa, mkono na goti vimefungwa plasta; askari akambonyeza vidole vyote kwenye mashine, kimoja kimoja, ikawaka nyekundu.

"Huyu hatambuliki," akasema. "Dhamana yake itataka ndugu anayetambulika aweke kidole."

Mwashi alimgeukia mkewe, taya limevimba, sauti ya upole ileile ya bucha. "Mke wangu. Weka kidole nikalale nyumbani. Yamekwisha."

Askari akaisogeza mashine. Mkono wa mshonaji ukainuka wenyewe, kwa mazoea ya miaka, na dada akafumba macho asione.

Mshonaji alifungua bendeji taratibu. Dole gumba lilikuwa limevimba, jeusi, limegawanyika katikati na kuunganishwa kwa nyuzi. Akaliweka kwenye kioo. Mashine ikawaka nyekundu.

"Si ulikuja kukichukua?" akamwambia mumewe. "Umeshakichukua."

Askari akaizima mashine, akapekua meza nzima mpaka akapata kalamu.

"Haya, mama," akasema. "Niambie tangu mwanzo. Naandika."