Mashua ya Umri Wangu

Hapa Komiža, kila sikukuu ya Mtakatifu Nikola, tunaburuta mashua kongwe kuliko zote hadi mbele ya kanisa lake kilimani, tunaitia moto, na majivu yake tunayaweka chini ya mkuku, ule uti wa chini wa mashua mpya. Babu zetu walifanya hivyo chini ya Venisi, wakafanya chini ya Austria. Bandari imebadilisha bendera kama shati. Moto ni uleule.

Mwaka ule zilibaki mbili za kushindania ukongwe, na hakuna mwenye mashua aliyetaka yake iungue. Ya kaka yangu Bepo ilichongwa na marehemu baba, ingawa Bepo hajaenda baharini miaka sita. Ya Vinko ilikuwa inalisha watoto watatu.

Ubishi uliletwa jikoni kwangu, kama umbea wote wa mji. Watu walijaa hadi ngazini, wakitafuna mkate wangu wa dagaa.

"Yangu iliundwa mwaka ishirini na moja," alisema Vinko. "Waitalia wanafunga virago kuondoka kisiwani."

"Basi yangu ni mdogo wake!" alijibu Bepo. "Siku inashushwa majini dada yangu Tonka huyu alilazwa ndani, ana siku nane. Muulizeni kazaliwa lini."

"Tonka? Huyo kila mwaka anarudi nyuma!" alidakia mtu. Nyumba nzima ikaangua kicheko.

Nilicheka nao. Kitabu cha ubatizo kiliungua vitani, na tangu nifiwe na mume nasema nilizaliwa mwaka ishirini na tatu. Bepo aliujua ukweli, lakini kwa uongo wangu ingeungua ya Vinko. Alinikazia macho. Vinko alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili, kama yuko msibani.

"Kumi na tisa," nikasema.

Watu wa ngazini walisogea ndani.

"Sema tena, mama," alisema Vinko taratibu.

"Nilizaliwa mwaka kumi na tisa. Mashua ya baba ndiyo kongwe."

Bepo alitoka bila kuaga.

Siku ilipofika alikuja mwenyewe, akaweka bega chini ya omo, mbele ya mashua, na wengine wakivuta kamba akapanda nayo kilima chote bila kukubali kupokewa. Moto uliposhika nikasikia harufu ya lami, ile ya mikono ya baba. Nililia, sikujificha.

Mwaka ule hakuna aliyeunda mashua mpya. Makaa yalipopoa, Bepo alichota majivu kwa kofia yake, akashuka hadi gatini, akayachanganya na lami na kuziba ufa wa mashua ya Vinko.

"Itunze," alimwambia. "Hapo pana baba yangu, na miaka minne ya dada yangu."